Anayengojwa Siku ya Jumapili

Aendaye kanisani siku ya Jumapili hachukui sadaka na kitabu cha nyimbo peke yake. Huchukua pia matarajio, na matarajio hayo hayamo katika kanuni za ibada. Askofu huyajua kidogo, padri huyajua nusu; lakini msemaji asiye na daraja takatifu, yule ambaye Wakatoliki humwita katekista na wengine humwita mwinjilisti au mzee wa kanisa, huyajua karibu yote, kwa sababu siku sita za juma yeye ni mmoja wa watu wale wale. Hununua chumvi katika duka wanalonunua wao, na akikopa, deni lake hujulikana kabla ya magharibi.

Mwanza ni mji wa majabali. Nyumba zimepanda vilima vya mawe kama mbuzi wapandavyo, na makanisa hayakubaki nyuma. Wakatoliki wana Kanisa Kuu lao Bugando. Waanglikana wana dayosisi yao ya Victoria Nyanza tangu mwaka 1963. Waluteri wana dayosisi yao. Nao wa Africa Inland Church wameweka makao makuu ya nchi nzima katika mji huu. Basi mtu wa mjini ana hiari. Asiyeridhika na mhubiri wa hapa huvuka barabara akamsikilize wa pale, na akirudi nyumbani huwalinganisha mezani. Watu wa ibada ya kwanza hutaka upesi, maana wana biashara zao. Wa ibada ya pili hutaka kwaya, na kwaya haina haraka. Wote pamoja huchoshwa na matangazo. Aghalabu matangazo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote za siku ile, na yamkini ndiyo sehemu ya pekee ambayo mtu akiulizwa Jumatatu aweza kuikariri bila kosa, kwa kuwa ina hesabu ya fedha ndani yake.

Lakini mji si ziwa. Afuataye ufuo kutoka Kirumba kwenda Igombe, akapita Kayenze mpaka Kageye, huona makanisa madogo ya matofali na mabati ambayo hayana padri wa kukaa. Hivi ndivyo vigango. Padri mmoja wa parokia ana vigango vingi, na zamu ya kigango kimoja huweza kuja baada ya majuma kadha wa kadha. Jumapili nyingine zote ibada huongozwa na katekista. Yeye husalisha, husimamia masomo, huomba kwa ajili ya wagonjwa, hugawa komunyo ikiwa ipo iliyohifadhiwa, na baada ya Injili husema. Roma ilitoa mwongozo wa ibada za namna hii mwaka 1988, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeihifadhi homilia kwa padri na shemasi. Kwa hiyo ayasemayo katekista, kwa sheria, si homilia. Ni mafundisho, au ni tafakari. Muumini wa ufuoni hana habari ya tofauti hiyo. Atokapo mlangoni husema, "Leo amehubiri," au husema, "Leo hakuhubiri," na hukumu imekwisha.

Mahudhurio nayo hufuata mwezi. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku kwa taa; zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri na za nguvu ya jua. Taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mpevu, maana mwanga umeenea juu ya maji yote. Basi siku za mbalamwezi mitumbwi huvutwa mchangani, wanaume hulala usiku kama watu wengine, na Jumapili mabenchi yao hujaa. Siku za giza kanisa ni la wanawake, watoto na wazee, na wanaume wachache ambao huingia wamechelewa, macho mekundu, nguo zikinuka kazi. Hawa husinzia mara Injili imalizikapo. Kumkemea mtu wa namna hii kwa kusinzia ni ukatili, na wako wasemaji waliokemea. Katekista mwenye akili hutazama mbingu kabla hajatazama kitabu. Akijua kwamba ni majuma ya giza husema kwa dakika kumi, na wale waliokuja kwa taabu humshukuru kwa kurudi tena.

Desturi ya kuongozwa na mlei si ya jana katika pwani hii. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita White Fathers, walifika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878, wakiwa njiani kwenda Buganda. Mwaka 1883 wakaanzisha misheni Bukumbi, kusini ya Mwanza. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kwamba mtu asibatizwe kabla hajafundishwa na kujaribiwa kwa miaka 4. Agizo hilo lilikuwa zuri, lakini nani angekaa na wanafunzi miaka 4? Wazungu walikuwa wachache, wengine waliuawa na homa, na lugha iliwashinda kwa muda mrefu. Aliyekaa nao ni katekista. Kwa upande wa Waprotestanti mambo hayakuwa mbali na hayo. Misheni ya Nassa ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1888 na kukabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Huko nako Injili ilitembea kijiji kwa kijiji kwa miguu ya wenyeji.

Kwa Wakatoliki palikuwa na sababu nyingine. Mpaka miaka ya 1960 Misa ilikuwa ya Kilatini. Padri alielekea altare na kusema maneno ambayo mkulima wa pamba hakuyafahamu, naye mkulima alisali rozari yake akingoja. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha za watu kwa hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963. Kabla ya hapo, kwa miaka themanini tangu Bukumbi, maneno yaliyofahamika kanisani yalikuwa ni nyimbo, sala za pamoja na hotuba. Watu waliofundishwa hivi kwa vizazi hawawezi kuiona hotuba kuwa nyongeza ya ibada. Wataalamu wa liturujia husema kwamba hotuba ni sehemu mojawapo tu, na wasema kweli. Lakini masikio ya watu yana historia yake.

Na lugha yenyewe, hata ilipofahamika, haikuwa yao. Msukuma wa Magu, Mkerewe wa Kagunguli, Mkara wa Bwisya na Mjita wa upande wa Majita wote walikipokea Kiswahili kutoka pwani nyingine, pwani ya maji ya chumvi. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo Waprotestanti wengi waliizoea kama sauti ya baba yao, wavuvi wa Injili hutupa nyavu zao katika "bahari" ya Galilaya. Hilo si kosa la mtafsiri. Mathayo na Marko waliandika hivyo katika Kiyunani chao, na Luka peke yake ndiye aliyeliita ziwa. Lakini mvuvi wa Igombe asikiapo bahari huona moyoni kitu cha mbali, cha Dar es Salaam na Unguja. Msemaji ajuaye kazi yake huwaambia kwamba Galilaya ni ziwa, maji yake ni baridi, yanywewa, na kwamba ziwa lile lote lingeweza kuingia katika ziwa lao mara mia nne. Hapo nyuso huinuka. Petro si mtu wa baharini tena, ni jirani, na maneno ya kwamba alikesha usiku kucha bila kupata kitu hayahitaji maelezo kwa mtu yeyote aliye katika mabenchi ya kulia.

Yafaa kumkumbuka hapa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mzaliwa wa mwaka 1896, aliyesoma seminari ya Rubya na baadaye akaitumikia misheni ya Kagunguli kwa kazi ya kutafsiri. Hakupata upadri. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1980; naye alifariki mwaka 1981. Wanachuo humsoma kwa ajili ya mila na historia. Asomwe pia kama shahidi wa jambo hili: kwamba mlei aliyelelewa na Kanisa, alipopata nafasi ya kusema kwa kirefu, hakuandika juu ya malaika. Aliandika juu ya ndoa isiyo na mtoto, juu ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe na kumpokea mgeni. Alijua watu wake walikuwa na haja ya kusikia nini.

Liko jambo jingine ambalo mgeni halioni upesi. Wasukuma ni watu wa mashindano ya ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyogawanya wachezaji wa nchi nzima, hushindana baada ya mavuno katika uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake na mganga wake, na ushindi ni wa yule aliyevuta watu wengi kuja upande wake. Hakuna mwamuzi mwingine. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora karibu na Kisesa, aliyaelewa hayo vizuri. Ndiyo maana kanisa la Bujora lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi ikawa pia sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo. Mtu aliyekulia karibu na uwanja wa namna hiyo huleta macho yale yale kanisani. Hutazama nani anavuta watu. Akimwona msemaji anayeimba katikati ya maneno yake, anayetupa kitendawili na kungoja jibu, anayejua wakati wa kunyamaza, humhesabia ushindi. Akimwona mwingine anasoma karatasi, husikitika kama mtu aliyeona ngoma imelowa mvua.

Hatari imo humo. Wasemaji wengine, hasa vijana waliojifunza kwa redio na vipaza sauti vya mikutano ya mjini, wameyachukua matarajio hayo kuwa ndiyo yote. Hupaza sauti mahali ambapo pangetosha kunong'ona. Husema "Bwana asifiwe" mara kumi na mbili katika robo saa, na kila mara watu huitika "Amina" kwa adabu, kama mtu amwitikiaye mtoto anayegonga mlango wakati wa kulala. Huvutia kwa mwezi mmoja au miwili. Kisha wazee huanza kukaa nje, chini ya mwembe, mpaka wakati wa sadaka. Maana watu wanaopenda ngoma wanajua vile vile kwamba ngoma si mazishi.

Mazishi ndiyo yaonyeshayo matarajio ya kweli. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora, Ukerewe, na watu waliotoka gulioni. Kivuko kilikuwa na nafasi ya abiria 101. Hesabu ya serikali ilipofungwa, waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Watu wa ziwa hawakuwa na haja ya kuelezwa kilichotokea. Walikuwa hawajaisahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia, ambao wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma.

Jumapili iliyofuata, tarehe 23, wakati mazishi ya pamoja yalipokuwa yakiandaliwa Bwisya, ilikuwa kama Jumapili nyingine kwa kalenda. Injili ya siku hiyo kwa Wakatoliki ilikuwa ile ya Marko ambamo wanafunzi hubishana njiani nani aliye mkubwa, na Yesu humwita mtoto akamsimamisha kati yao. Katika kigango kimoja cha ufuoni, upande wa bara, katekista alikuwa amekwisha kuandaa mafundisho yake tangu Jumatano. Alikusudia kusema juu ya uchaguzi wa viongozi wa kigango, maana ulikuwa umeleta maneno. Mtu huyu alikuwa fundi wa kushona nyavu. Hakuwa na elimu kubwa, alikuwa na baiskeli ya parokia, na posho isiyotosha kununua matairi yake.

Siku ile kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Waliokuwa na jamaa Ukara walikuwa wamevuka kwenda huko au walikuwa wakingoja habari. Waliobaki walikuja kukaa pamoja. Na kila mmoja alikuja na neno alilotaka kulisikia. Walikuwapo waliotaka kuambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, hasa akina mama watu wazima, ambao wamezika wengi na neno hilo limewabeba mara zote. Walikuwapo vijana ambao neno hilo lingewachoma, kwa kuwa tangu Ijumaa walikuwa wakihesabu abiria na nafasi, na hesabu ilikuwa haiingiani. Walikuwapo wenye mitumbwi ya abiria, wamekaa nyuma kabisa, wakitazama sakafu. Padri angalikuwapo, angalifarijiwa na vazi lake. Wangaliyapokea maneno yake kama maneno ya Kanisa. Katekista hakuwa na vazi. Kila atakalosema lingekuwa la fulani, fundi nyavu, na kesho wangekutana naye mwaloni.

Baada ya Injili alisimama kimya muda mrefu hata mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama ibada imekwisha. Kisha akasema kwa Kisukuma, jambo asilolifanya kanisani, kwamba maneno aliyoyaandika ameyaacha nyumbani. Akasema mtoto yule wa Injili alisimamishwa katikati ili watu wazima wamwone, na kwamba chombo kikijazwa kupita kiasi, wa kwanza wasioonekana ni watoto, kwa sababu hawakatiwi tiketi. Akasema hatamsingizia Mungu kazi iliyofanywa na watu gatini. Akanyamaza tena. Halafu akasema kwamba yeye mwenyewe amepanda mara nyingi vyombo vilivyojaa, akiona kwamba vimejaa, akisema moyoni kwamba ni mwendo mfupi. Na kwamba hapana mtu mzima kanisani mle ambaye hajafanya hivyo. Akaomba watu waliofiwa wataje majina. Majina yakatajwa moja moja kutoka mabenchini, mengine ya Waislamu, na baada ya kila jina watu wakaomba raha ya milele. Hakusema neno zaidi.

Hukumu ya waumini haikuwa moja. Vijana wakasema leo amehubiri. Mwenye mtumbwi mmoja akasema katekista hana mamlaka ya kutia watu hatiani katika nyumba ya Mungu, tena hata homilia haruhusiwi. Na ni ajabu kwamba sheria ile ya mwaka 1983, ambayo hakuna aliyeijua, ilipata mtetezi siku hiyo. Mama mmoja, mzee, alikaa nje akilia, akasema amekuja kusikia kwamba Mungu amewachukua, na sasa haambiwi ni nani aliyewachukua. Neno la mama huyo ni zito kuliko la mwenye mtumbwi, na katekista alilijua. Alikwenda akaketi karibu naye juu ya jiwe, wala hakujaribu kulijibu. Mtu wa nje angeweza kusema kwamba alimnyima faraja bibi aliyeistahili. Mtu wa nje mwingine angesema kwamba faraja ile, ikitolewa kila chombo kizamapo, ndiyo inayokipakia chombo kingine. Wote wawili wana haki, na aliyesimama mbele ya watu alikuwa na robo saa tu ya kuchagua.

Hapa ndipo utaalamu wa kuhubiri unapokoma. Vitabu vya mafunzo huweza kumfundisha mlei namna ya kupanga hoja, kutokwenda mbali na somo, kusimama wima na kutoshika kipaza sauti kama mchi. Hayo yote ni mema, na waumini huyapenda. Lakini wanapomtazama fundi nyavu wao hutafuta jambo ambalo wasemaji wageni kutoka mjini, hata wawe hodari namna gani, hawana la kutoa: wanataka kusikia yale waliyokwisha kuyajua, yakisemwa na mtu atakayelipa gharama ya kuyasema. Ndiyo maana hutazama deni lake la chumvi. Ndiyo maana pia humsamehe Kiswahili chake kibovu na hawamsamehi kumpiga mkewe.

Jumapili ya tarehe 30 Septemba mwezi ulikuwa umeanza kupungua, na wavuvi wa dagaa walikuwa wakitengeneza taa zao. Katekista alisoma, alisalisha, alifundisha kwa dakika kumi juu ya uchaguzi wa viongozi wa kigango, akatangaza hesabu ya sadaka na siku ya kufagia uwanja. Yule mama mzee alikuwapo, katika benchi lake la siku zote, na alipokea komunyo mkononi mwa mtu yule yule. Mwenye mtumbwi hakuja. Watu walipotoka nje, wawili watatu walimzunguka katekista kando ya mlango, na mmoja wao akamwuliza kama nyavu zake zingekuwa tayari kabla ya giza kuingia.